Kipande cha Boksi Kilichotaka Kuvunja Ndoa ya Mwanangu

Ukifika Rosettenville ukaulizia fundi cherehani anayeitwa Papa Amani, watu watakuuliza kwanza, "Yupi, yule wa boksi?" na mimi nitakuwa nimekaa hapohapo mlangoni nasikia, na nitanyamaza, kwa sababu ndiyo, ni mimi, na nimechoka kukataa. Watu wanahama mtaa huu kila siku, wengine wamerudi Kongo, wengine wamekwenda Cape Town, lakini aibu yangu haihami, imepanga chumba hapahapa na inalala vizuri kuliko mimi. Basi leo naiandika mwenyewe, kwa simu, kwa kidole kimoja (shule niliishia mwaka wa tatu wa msingi, vita na umaskini vilipokezana kunitoa darasani, kwa hiyo mkiona makosa mnyamaze), na majina nitayataja, maana mzigo huu sikuufunga kamba peke yangu na sioni kwa nini niubebe peke yangu.

Wa kwanza ni Deo. Deo ni Mrundi, mlinzi wa jengo moja la ofisi kule Marshalltown, mtu mrefu mwenye sauti ya redio, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunalala sakafuni Jeppestown, wote wawili hatuna hata blanketi la kugombania. Deo anasema anajua Kiingereza. Mimi nilimwamini kwa sababu nilikuwa namwona anaongea nacho na wazungu wanaoingia na kutoka, na nilikuja kugundua nikiwa nimeshachelewa kwamba Kiingereza cha Deo ni cha kumwambia mtu aandike jina lake na afungue buti ya gari. Zaidi ya hapo anakisia.

Mambo yalianza hivi. Ule mwaka wa vurugu za kuwafukuza wageni walilivunja duka letu la Jeppestown, cherehani zangu mbili nikaziona zinapita barabarani juu ya vichwa vya watu, nikaanza upya (nimeanza upya mara nyingi mpaka neno lenyewe nalichukia, nilianza upya Uvira, nikaanza upya kambini, nikaanza upya hapa), na mwaka 2017 nikafanikiwa kupata mashine ya kudarizi iliyotumika, ile inayoshona nembo yenyewe, kwa sababu shule zinataka nembo, kwaya zinataka nembo, hata hawa walinzi akina Deo wanataka nembo kifuani ili mwizi ajue anapigwa na kampuni gani. Lakini mashine ile bila programu yake ya kompyuta ni kama bubu mwenye hamu ya kuimba. Inanguruma tu. Deo akanipeleka kwenye duka la kompyuta, mtaa wa pili kutoka kwenye jengo lake, na programu ilikuwepo rafuni, ndani ya boksi lenye kibandiko chekundu kama onyo la umeme.

Deo akakisoma kile kibandiko akitingisha kichwa kama mchungaji.

"Papa Amani, Mungu amekukumbuka. Ukinunua hii, kampuni inakurudishia nusu ya pesa yako kwa posta."

"Kwa nini wanirudishie? Si wapunguze hapahapa tuachane salama?"

"Eish, ndiyo biashara ya wazungu hiyo. Wewe tunza slipu, hiyo risiti ya dukani."

"Slipu tu?"

"Slipu tu, papa. Umenisikia nimesoma neno gani jingine?"

Sikumsikia. Nikanunua. Na ile nusu, kabla haijatoka hata kwenye mfuko wa hao wazungu, mimi nilikuwa nimeshaitumia kulipa kodi ya chumba kichwani mwangu, maana ndivyo akili ya mtu maskini ilivyo, inalala kwenye kitanda ambacho bado kiko kwa seremala.

Nyumbani nikafungua. Jamani, boksi kubwa la kutosha viatu vya askari, gumu, linang'aa, na ndani kuna kisahani kimoja cha kompyuta, kijitabu kimoja, na kijikaratasi cha kujaza. Basi. Nililitikisa nikidhani vingine vimekwama. Kijikaratasi nikampa Deo aende akakijaze kazini kwake kwa Kiingereza chake, slipu nikaiweka pamoja na karatasi zangu za ukimbizi, mahali ambapo hata moto ungeuliza kwanza kabla ya kuingia, na boksi tupu likabaki juu ya kabati. Kama lingebaki pale kabatini mpaka leo, mimi ningekuwa mtu anayeheshimiwa.

Sasa niwaeleze habari ya mwanangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mzee mzima alitetemeka. Mwanangu Amani, fundi umeme, alimpenda binti mmoja anaitwa Riziki, msusi, watoto wa kanisa moja wote wawili, na kwa miaka mitatu tulikuwa tunagonga mlango wa familia ya Riziki bila kufunguliwa. Wao ni watu wa Lubumbashi. Sisi ni watu wa Uvira, kando ya ziwa. Mama yake Riziki ni mjane, mpole, anaongea kidogo, hakuwa na shida na sisi. Shida ilikuwa shangazi, Mama Clarisse, dada wa marehemu baba yake Riziki, na huyo ndiye wa pili katika orodha yangu ya wakosaji. Mama Clarisse alikuwa anasema wazi, kanisani, baada ya ibada, akiwa ameshika sahani ya wali: "Mimi hao watu wa ziwani siwaamini, huwezi kujua usiku wanalala na nini." Na mwishowe alipokubali tulete mahari, alisema mbele ya watu kwamba anatafuta sababu moja tu ya kuisimamisha ile ndoa, moja tu, hahitaji mbili.

Wiki ile mwanangu alinifuata kwenye cherehani. Akasimama, akakwaruza ukuta kwa kidole kama alivyokuwa anafanya utotoni.

"Papa, nakuomba. Siku hiyo usiongee sana."

Nikamwahidi sitaongea. (Hakuniambia nisikate.)

Zawadi kubwa kuliko zote siku ya mahari ni ya mama wa binti, na sisi tulimnunulia kitenge cha waksi ya kweli, ile nzito ambayo ukiikunja inalia, rangi ya bluu na manjano. Mke wangu alinishauri vizuri, lazima niseme ukweli. Alisema, "Nenda pale kwa Wachina ununue boksi la zawadi, lile lenye utepe. Huyo ni mkwe, si mteja wa kufungiwa gazeti." Mimi nikatazama juu ya kabati. Nikasema, kwa nini ninunue boksi tupu wakati boksi tupu ninalo? Kitenge nikakikunja, kikaingia kama kilipimwa, nikalifunika boksi kwa karatasi ya dhahabu, pembe nikazikaza kama kola ya shati, na nikajisifu. Nilijisifu kwa sauti! Mke wangu akaniangalia tu akaendelea kupiga pasi.

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yalikuwa kuteremka.

Jumamosi tukaenda. Familia ya Riziki walikuwa wamepanga nyumba yenye ua mkubwa, jirani yao wa upande wa kulia ni Mreno mmoja mzee anayependa bustani, na uani walikuwa wamefunga hema, viti vya plastiki, nyama ya mbuzi juu ya makaa, watu labda themanini, kwaya nzima ilikuja. Zawadi zetu zilipangwa juu ya mkeka sebuleni, ndani, na msemaji wa familia yao, Papa Kalenga, kaka mkubwa wa marehemu, akasimama na maikrofoni (ua wenyewe unauvuka kwa hatua chache, maikrofoni ya nini, lakini aliipenda) akatueleza desturi yao.

"Bakwe, musikie vizuri. Kwetu sisi, mkono uliotoa haurudi. Zawadi ikishakaa juu ya mkeka, ni ya mkeka. Itafunguliwa na shangazi baada ya chakula. Mwenye kuileta akiigusa tena, ametuambia kwamba ndoa haitaki, amekuja kuchukua vitu vyake. Tumesikilizana?"

Tukajibu, "Amina!" Mimi nilijibu kwa nguvu kuliko wote, mpaka mke wangu akanikanyaga.

Nikakaa. Nilikuwa na amani moyoni, jambo ambalo kwangu ni geni na lilipaswa kunishtua. Ndipo Deo akaja akakaa pembeni yangu, amevaa suti ya kuazima na viatu vyake vya ulinzi, akatoa mfukoni kile kijikaratasi cha kampuni.

"Papa, nimemaliza kukijaza. Weka saini hapa. Jumatatu ndiyo mwisho, muhuri wa posta usipite Jumatatu. Sasa nipe slipu na kile kipande."

"Kipande gani?"

"Kipande cha boksi. Wanataka ukate kwenye boksi pale penye ile mistari myeusi, na maneno yanayothibitisha kwamba wewe ndiye uliyenunua. Bila hicho hawalipi."

"Deo. Ulisema slipu tu."

"Pale dukani nilisoma juu juu. Haya ni maandishi madogo, papa. Maandishi madogo yanasomwa nyumbani."

Nilimwangalia huyo mtu. Nimewahi kuona mambo maishani, nimekimbia risasi nikiwa na mtoto mgongoni, lakini sijui kama nimewahi kuchoka kama nilivyochoka dakika ile.

"Boksi liko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidevu. Sebuleni. Juu ya mkeka.

Deo akaangalia mlango wa sebule. Kisha akasema neno ambalo mtu mwenye akili asingelisikiliza: "Si utoke kama unakwenda chooni? Watu wote wako kwenye nyama."

Mtasema, kwa nini usisubiri, ukamwomba mama mkwe boksi lake baadaye kwa heshima? Nilifikiri hilo. Lakini Mama Clarisse ndiye angefungua, na ninyi hamkumjua, angelipasua lile boksi vipande vipande na kulitupia makaa palepale, na hata kama angelibakiza, ningesemaje? Mkwe, naomba lile boksi, maana nilikufungia zawadi yako kwenye takataka za kompyuta? Niliona haya ndogo, nikaikimbia, nikaingia kwenye haya kubwa. Kodi ilikuwa kichwani. Mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ulikuwa mfukoni, hautoki mfukoni mwangu hata nikienda kuzika. Nikainuka.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti mbele ya ule mkeka, nikabandua selotepu polepole, nikaifungua karatasi ya dhahabu upande mmoja bila kuipasua, na mpaka hapo, niwaambie, ilikuwa kazi safi. Halafu nikaanza kutafuta. Mimi Kiingereza sisomi. Nilidhani mistari myeusi iko mahali pamoja, kumbe boksi lile lilikuwa limejaa mistari kama pundamilia. Nikampigia Deo simu, nikaiweka chini kwenye zulia kwa sauti ya nje kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

"Iko upande gani?"

"Angalia ubavuni," Deo akasema, naye alikuwa amesimama mwisho wa hema akinong'ona, lakini nimeshawaambia sauti yake ni redio.

Nikaiona ya ubavuni, nikaikata.

"Chini yake kuna nini?"

"Namba."

"Namba tu? Hiyo siyo, hiyo ni ya keshia. Angalia nyuma."

Nyuma kulikuwa na nyingine, ina kibandiko kinachometameta. Nikakata. Siyo, Deo akasema, hiyo ni ya kuonyesha kwamba programu si ya wizi. Sasa boksi la mkwe wangu lina madirisha mawili na kitenge kinachungulia, na jasho linanitiririka mpaka kwenye mkasi. Nikaligeuza chini juu, nikafunua ule ubao wa ndani unaofunga sakafu ya boksi, na pale, wandugu, palikuwa na kisanduku chenye mistari myeusi na maneno, kimezungushiwa vinukta vinukta, na pembeni yake wamechora picha ya mkasi.

Picha ya mkasi! Kwa nini hakuna aliyeniambia kuna picha ya mkasi? Mimi picha ya mkasi ninaisoma tangu utoto, ni herufi yangu ya kwanza! Nilitaka kulia kwa furaha na kwa hasira pamoja. Nikaingiza mkasi kwenye vile vinukta, nikakata upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa haraka, na kwenye upande wa nne mkono wangu ukajua kabla kichwa hakijajua. Kadibodi ina mlio wake na kitambaa kina mlio wake. Nilisikia mlio wa kitambaa.

Nikavuta. Kipande cha boksi kikatoka, na nyuma yake kikafuata kipande cha waksi, bluu na manjano, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Miaka ishirini na zaidi ya ufundi, sijawahi kuharibu kitambaa cha mteja.

Ndipo Mama Clarisse akaingia kuchukua sinia.

Alisimama. Mimi niko magotini, mkasi mkono wa kulia, kipande cha kitenge cha wifi yake mkono wa kushoto, boksi lina matundu kama nyumba iliyopigwa na mabomu. Huenda ningepata neno la kusema. Huenda. Lakini simu iliyokuwa kwenye zulia ikasema, kwa ile sauti ya redio: "Umekipata, papa? Kikate chote, usikiharibu! Hicho kidogo ndicho wanachokitaka wale watu!"

"Mulozi!" Mama Clarisse akapiga kelele (huko kwetu Kongo mulozi ni mchawi, na neno hilo halitaniwi). "Bakwetu, mukuje! Mulozi eko mu nyumba! Anakata kikwembe ya mama!"

Kwa wasiojua: kikwembe ni kitenge, na mtu akitaka kumroga mwanamke, watu wetu wanaamini kwamba anaiba kipande cha nguo yake. Ombeni msikutwe na kipande.

Sikumbuki vizuri nilivyofika uani. Nakumbuka viti vya plastiki vinaanguka. Nakumbuka kwaya, wale waliokula nusu na wale waliokuwa bado, wote wameniangalia midomo ikiwa na nyama. Mama Clarisse alikuwa amelinyanyua boksi juu kama mtu aliyekamata samaki, analizungusha ili kila mtu aone matundu, na Papa Kalenga akachukua maikrofoni. Kesi yangu ilisomwa kwa maikrofoni! Yule jirani Mreno alizima mpira wake wa maji akaja kuegemea ukuta, hajui hata neno moja la Kiswahili lakini alielewa kwamba kuna mzee ameharibikiwa.

"Mukwe," akasema Papa Kalenga, "ulisema amina au hukusema?"

"Nilisema."

"Mkono umerudi au haujarudi?"

"Umerudi, lakini..."

"Na kipande cha kikwembe kilikuwa kinakwenda kwa nani? Wale watu ni nani?"

Nikaeleza. Nilieleza kwamba boksi ni la programu ya kompyuta, na kampuni iliyoitengeneza inamrudishia mnunuzi nusu ya pesa, lakini ni mpaka akate kipande fulani cha boksi na kukituma kwa posta kuthibitisha kwamba alinunua. Nilipokuwa nasema niliyasikia maneno yangu yanavyotoka kwenye spika, na hata mimi sikuyaamini.

Halafu sauti moja ya mama kutoka kwenye kwaya ikasema, "Mzungu anunue kadibodi iliyokatwa?"

"Aikatie nini, hana mkasi kwake?" mwingine akajibu, na kicheko kikaanza, kile kicheko kibaya.

"Hata shetani," akasema Mama Clarisse, "angetafuta uongo wenye kichwa na miguu."

"Mwulizeni Deo!" nikasema. "Yuko pale! Ndiye aliyekuwa kwenye simu, ndiye mwenye karatasi!"

Watu wote wakamgeukia Deo. Na Deo, rafiki yangu wa sakafu ya Jeppestown, ambaye nimempa nusu ya mkate wangu siku ambazo mkate wenyewe ulikuwa nusu, akaitazama simu yake kama vile imeokotwa, akasema, "Mimi? Mimi nilikuwa naongea na bibi yangu."

Deo, kama unasoma haya, na najua unasoma, kwa sababu mengine yote unasoma ila maandishi madogo: nimekusamehe kanisani kwa sababu mchungaji alitushikanisha mikono. Humu sijakusamehe.

Nikamtafuta mke wangu kwa macho aniokoe. Alisema neno moja tu, taratibu, lakini maikrofoni ililidaka: "Nilisema nini kuhusu boksi?"

Papa Kalenga akakohoa. "Basi ndugu zangu, desturi ni desturi. Mwenye kutoa amerudia alichotoa. Vitu vyao wavichukue..."

Hapo ndipo nilimwona mwanangu. Amani hakuniangalia kwa hasira, ingekuwa nafuu. Alikuwa ameangalia chini, anakwaruza mguu wa kiti kwa kidole. Riziki alikuwa ametoka chumbani na nguo zake za sherehe, nywele amezisuka yeye mwenyewe usiku kucha, amesimama mlangoni na mkono mdomoni. Miaka mitatu ya watoto wale ilikuwa inaondoka kwa ajili ya kipande cha kadibodi, na mimi ndiye niliyekikata. Nikaenda katikati ya ua, nikapiga magoti kwenye mchanga, na suti yangu ya pekee.

"Mama Riziki," nikasema, "niite unavyotaka. Niite mwizi. Watoto waache waoane."

Mama Riziki, yule mama mpole, hakuwa amesema kitu tangu asubuhi. Aliinuka akaenda kwa Mama Clarisse, akalichukua lile boksi, akakitoa kitenge chake, akakikunjua mbele ya watu wote, yadi zote sita, na lile tundu likaonekana, katikati kabisa ya kitambaa, mahali ambapo hata kipofu angeliona. Akalitazama. Akaingiza vidole viwili, akavichezesha kwa upande wa pili. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, nikafumba macho.

Alikuwa anacheka.

"Wifi," akamwambia Mama Clarisse, "wewe umewahi kuona mulozi wa namna hii? Mulozi anakata kauzi kadogo kwa pindo, usijue mpaka unaugua. Huyu amekata katikati ya kikwembe, mchana, watu themanini uani, na simu inapiga kelele. Huyu si mulozi, wifi. Huyu ni mjinga tu. Na bahili. Boksi la zawadi kwa Wachina ni bei gani?"

Wote walikuwa wanacheka sasa, mpaka Mreno ukutani anacheka kwa sababu wengine wanacheka.

"Ujinga hauzuii ndoa," akasema Mama Riziki. "Ungekuwa unazuia, sisi wote tungekuwa masista."

Papa Kalenga akashauriana na wazee wao pembeni, akarudi na maikrofoni yake, na hukumu ikatangazwa hivi, sitaisahau: kwamba familia imechunguza, imeona baba wa kijana si mulozi bali ni mtu asiye na akili nyingi, kwamba mkono uliorudi ulirudi kwa ajili ya boksi na si kwa ajili ya zawadi, na boksi halikuwa kwenye mahari, kwa hiyo ndoa inaendelea, ila mimi nitatoa faini, kitenge kingine cha waksi ya kweli, na nitashona nguo za harusi za upande wao wote bila malipo. Upande wao wote! Mmewahi kuona watu wa Lubumbashi wanavyohesabu jamaa?

Nikasema, "Amina." Kwa sauti ndogo safari hii.

Lakini Mama Clarisse hakuridhika. Alisema sawa, hukumu ameikubali, lakini vile vipande haviwezi kutoka kwenye ua huu mkononi mwangu, maana mjinga naye anaweza kutumwa. Akanifungua kiganja kidole kimoja kimoja. Akachukua kipande cha kitenge, akachukua vile viwili visivyo na kazi, akachukua na kile chenye mistari myeusi na picha ya mkasi, akavitupa vyote kwenye makaa, chini ya nyama ya mbuzi, na wamama wa maombi wakazunguka wakikemea. Kadibodi ile ya kung'aa ilishika moto haraka sana. Mistari ilijikunja, ikawa myeusi zaidi, halafu haikuwa kitu. Mimi nilisimama pale nimeinamisha kichwa, na watu walidhani naomba pamoja nao. Nilikuwa naitazama kodi yangu inaungua kwa jina la Yesu.

Amani alikuja akasimama karibu yangu, moshi ukitupata wote wawili. Hakunigusa.

"Papa," akasema, "kuna nyama. Nenda ukale."

Harusi ilifanyika. Nilishona nguo ishirini na kitu, za watu ambao wengine sikuwahi kuwaona tena, mgongo wangu haujarudi sawasawa tangu wakati huo, na kodi nililipa kwa kukopa kwa mtu ambaye sitamtaja kwa sababu huyo peke yake katika habari hii hakukosa. Wamepata mtoto sasa, msichana, ananiita babu kwa Kizulu, na hajui chochote, ingawa Mama Clarisse yupo na siku moja atamweleza.

Mimi sina mafundisho makubwa, nimewaambia shule niliishia wapi. Nina kiapo tu. Kuanzia siku ile, bei ninayoonyeshwa dukani ndiyo bei, hakuna nusu inayorudi, hakuna posta, hakuna maandishi madogo wala makubwa. Na kama siwezi kuilipa, kitu nakiacha hapohapo rafuni, nawasalimia wenye duka, natembea kwa miguu mpaka nyumbani, mikono mitupu lakini jina langu likiwa zima, ingawa kwa mtaa huu nimechelewa.